Nilimsamehe mbele ya mchungaji tukanywa na chai, kumbe ndio kwanza nilikuwa naanza. Uzi wa wanaojifunza kusamehe

Sauti ya Tatu (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite tu taratibu, na nyie wa "fupisha mkuu" nawajua.

Mimi Mlutheri wa kuzaliwa, kwetu Old Moshi ila Dar huu mwaka wa 14, naimba kwaya usharikani. Kuna jamaa tulikuwa tunasimama wote sauti ya tatu, bega kwa bega, kitabu kimoja cha nyimbo tunashika watu wawili. Miaka minne iliyopita akaniletea dili la kushusha marobota ya mitumba, yeye ana koneksheni mimi nina hela, na kwa kweli nilikuwa nayo kidogo, milioni 3 zangu na milioni 1.2 ambayo mke wangu aliikopa kwenye kikoba chake, hapo ndipo kuna kidonda maana kikoba hakijui habari za ulokole, kinataka marejesho kila Jumamosi. Nikampa jamaa milioni 4.2 mkononi bila hata karatasi, si tunaimba wote bwana.

Mkajua wenyewe kilichofuata. Mzigo uko njiani, mzigo umefika bandarini, mzigo unasubiri kutolewa, halafu simu haipokelewi, halafu simu haipatikani, halafu na kwaya hatokei. Baadae nikaja kujua hakukuwa na robota hata moja, hela iliishia kwenye mikeka ya kubeti.

Baada ya miezi kama nane akarudi kanisani amekonda. Wazee wa kanisa wakatuita, mchungaji akasoma Mathayo 18, jamaa akalia, mimi nikasema kwa sauti kabisa "nimekusamehe kutoka moyoni", tukashikana mikono, tukaombewa, ikaletwa chai na maandazi. Kila mtu akafurahi. Nikapanda daladala, na nawaambia ukweli kabla gari halijafika Ubungo nilishamtukana kichwani matusi ambayo hata konda angeomba nipunguze.

Nikawaza nimekuwa mnafiki? Nimedanganya mbele ya madhabahu? Nikakaa na hiyo hatia wiki nzima juu ya hasira niliyokuwa nayo, yaani kaniibia na bado mwenye dhambi ni mimi.

Sasa ninachotaka kusema hapa ni kitu kimoja tu, tumefundishwa kusamehe kama kuzima taa. Bonyeza swichi, giza, umemaliza, na ukiona taa bado inawaka basi wewe hukusamehe. Mimi nimekuja kuona ni kama wimbo mgumu wa kwaya. Siku ya kwanza mwalimu anakupa nota, unaimba unapotea, unarudia, Jumatano unapotea tena palepale kwenye ule mstari wenye kupanda, Jumamosi unapotea kidogo. Hakuna mwalimu anayesema kwa vile umekosea Jumatano basi wewe huujui huu wimbo toka nje. Ndio maana yanaitwa mazoezi.

Naendelea chini, nimeitwa kula.

Kichwa_Ngumu

Milioni 4.2 unanywa chai na maandazi? Ungempeleka polisi asubuhi kanisani ukaenda jioni. Matapeli siku hizi wanajua pa kujificha, wakishaona mmesomewa Mathayo 18 wanajua deni limekufa.

Bi Mkora

Nipo paleee nimekaa na karanga zangu. Tiririka mkuu

Sauti ya Tatu

Nimerudi. Kichwa_Ngumu sikubishii, ila hiyo Mathayo 18 watu huwa wanaisoma kuanzia mstari wa 21 pale Petro anapouliza amsamehe ndugu yake mara ngapi. Anza 15. Ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu, asiposikia chukua mtu mmoja au wawili, asiposikia liambie kanisa. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye saba mara sabini kuna kazi ya kumkalisha mtu chini na kumwambia umenifanyia moja, mbili, tatu. Sisi tunaruka hapo tunakimbilia "yaliyopita si ndwele". Hiyo sio kusamehe, hiyo ni kufunika kombe mwanaharamu apite.

Halafu kuna kitu kwenye huo mfano wa mtumwa asiyesamehe sikuwahi kukiona mpaka nilipoibiwa. Mahubiri yote niliyosikia, yule mtumwa alidaiwa hela nyingi na mfalme akasamehewa zote, yeye akatoka akamkaba mwenzake kwa "vijisenti". Vijisenti? Ni dinari mia. Dinari moja ni kibarua cha siku, ukisoma Mathayo 20 wale wa shamba la mizabibu ndio walilipwa hiyo kwa kutwa. Kwa hiyo dinari mia ni siku mia za kazi. Tuchukue saidia fundi wa elfu 15 kwa siku, hapo ni milioni na nusu. Mwambie saidia fundi kwamba milioni na nusu ni vijisenti uone atakavyokuangalia.

Hilo lilinipa nafuu ya ajabu, maana Yesu hajasema ulichofanyiwa ni kidogo. Ametaja hela inayouma. Ila upande wa pili kaweka talanta elfu kumi, na talanta moja ni kama dinari elfu sita, piga hesabu ni vibarua vya siku milioni 60, ufanye kazi bila hata Jumapili zaidi ya miaka laki moja na sitini elfu. Ndio uone kichekesho cha yule mtumwa kumwambia mfalme "nivumilie, nami nitakulipa yote pia". Utalipa na nini kaka.

Dada wa Jumuiya

Hapo kwenye vibarua umenigusa. Ila tuambie ulifanyaje maana wote tunajua inatakiwa kusamehe, kinachotushinda ni jinsi.

Sauti ya Tatu

Nakuja hapo dada. Mimi sio mchungaji, nasema nilivyohangaika mwenyewe.

Kwanza niligundua mdomo wangu ndio ulikuwa unaendesha gari. Ile stori nilikuwa nimeisimulia ofisini, kijiweni, kwa shemeji, kwa kinyozi, na kila nikiisimulia inanoga zaidi, naongeza na sauti ya jamaa anavyodanganya "mzigo upo bandarini kaka", watu wanacheka, mimi napata utamu halafu nikifika kitandani moyo unaenda mbio kama ndio nimeibiwa leo. Nikajiwekea sheria, hii stori sitaisimulia kwa mtu ambaye haihitaji. (Najua naisimulia hapa, ila humu hakuna anayemjua.) Wiki ya kwanza nilishindwa mara tatu. Mara moja nilishindwa kwenye foleni ya maji, kwa mama nisiyemjua hata jina, ameniuliza tu "mbona umenuna".

Halafu kumwombea. Sala yangu ya kwanza ilikuwa "Bwana mpe anachostahili". Nikajiona nimeomba. Ya pili "Bwana mguse akumbuke hela za watu". Ilichukua kama mwezi na kitu ndio nikaweza kusema jina lake nikataja na watoto wake wale wawili nikaomba wapate ada, na hapo niliomba haraka haraka kama mtu anayemeza klorokwini.

Kingine, na hiki ndicho naona watu hawakisemi, nilianza kufanya zoezi na vitu vidogo. Huwezi kwenda jimu siku ya kwanza ukabeba kilo mia. Bodaboda kanizidishia buku, namalizana nae palepale moyoni, sibebi hadi nyumbani. Mke wangu kasahau kuzima pasi. Mwalimu wa kwaya kanisema mbele za watu. Nikawa najaribu ile ya Waefeso 4, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, yaani kabla jua halijazama niwe nimesema au nimeachilia. Na hivi vidogo vilinionyesha kitu cha aibu, mimi nilikuwa mtu wa kinyongo tangu zamani! Jamaa wa mitumba hakuniwekea kinyongo, alikuta chumba kiko tayari na kitanda kimetandikwa.

Kichwa_Ngumu

Sasa hapo kwenye kitanda nimekuelewa kinoma.

Mama Wawili

Naomba niseme na mimi jamani, nisije nikaonekana napinga Neno.

Hizi mada za kusamehe huwa zinanitia hofu. Mimi nilikuwa napigwa. Sio kofi, kupigwa. Mara ya kwanza nikaenda kwa wazee wa kanisa letu nikaambiwa samehe urudi, ndoa ni msalaba. Nikarudi. Mara ya pili, samehe urudi. Nilisamehe hadi nikapoteza jino. Yule mtu alikuwa analia kweli akiomba msamaha na anapiga magoti, halafu baada ya wiki mbili yale yale. Siku niliyoondoka niliondoka na watoto na begi moja, na kuna mama mmoja wa kanisani akaniambia kwa hiyo umeshindwa kusamehe.

Sasa ni mwaka wa tano. Naweza kuwaambia nilianza kusamehe NIKIWA NIMESHAHAMA. Nikiwa ndani ya ile nyumba sikuwa nasamehe nilikuwa naogopa tu, na woga ukiuvika kitenge cha msamaha unaweza kupendeza mbele za watu. Huku nilipo zoezi langu ni watoto. Wakiuliza habari za baba yao sisemi uongo kwamba yupo safarini, lakini pia siwajazi sumu. Mdogo aliwahi kuniuliza "baba ni mtu mbaya?" nikakaa kimya kama dakika nzima, nikamwambia baba alifanya mambo mabaya na mimi namuombea. Nikaenda jikoni nikalia. Hiyo dakika ilinigharimu kuliko kuondoka.

Kwa hiyo mleta uzi nakuunga mkono kwenye mazoezi, ila tafadhali msiwaambie wanawake kwamba kurudi ndio ushahidi wa kusamehe.

Sauti ya Tatu

Mama Wawili pole sana dada yangu, na asante. Sina cha kuongeza. Warumi 12:18 yenyewe inasema "kama yamkini, kwa upande wenu", yaani Paulo alijua kuna pande nyingine hazimo mikononi mwako.

Mzee wa Kihamba

Kijana umesema kwenu Old Moshi halafu umeandika uzi mzima wa msamaha bila kutaja isale? Wazazi wako wangekuchapa.

Kwa wasiojua, isale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani ambao sisi Wachagga tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba. Zamani na hata leo, mtu akimkosea mwenzake vibaya anachukua jani la isale analipeleka, mwenyewe au kwa kumtuma mtu mzima mwenye heshima. Ukiletewa isale huruhusiwi kukataa kuzungumza. Nimeona kwa macho yangu ndugu wawili waliokuwa hawaongei kwa sababu ya mgomba, mmoja katuma isale, mwingine kalishika anatetemeka kwa hasira lakini kalishika. Hakuwa amesamehe moyoni siku ile, nakuhakikishia. Alilishika kwa sababu ndivyo inavyofanywa, moyo ukafuata nyuma taratibu, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikasaidia.

Wamisionari wa Leipzig walikuja kwetu 1893 wakatuletea Injili na tunashukuru, ila kwenye hili walikuta watu tayari wana mazoezi.

Na huyo dada aliyepigwa nimwambie, isale hilo hilo ndilo linapandwa mpakani. Huku ni kihamba changu huku ni chako.

Kichwa_Ngumu

Mzee hapo umeua

Bi Mkora

Mzee mbege isiingie kwenye theolojia tafadhali 😂

Nyamachoma Baada ya Misa

Mimi Mkatoliki, naongeza la kwetu. Kwenye misa kabla ya komunyo kuna pale tunatakiana amani, unageuka unampa mkono aliye karibu. Nilikuwa na mgogoro na dada mmoja wa jumuiya yetu ndogondogo, alinisingizia kwenye hela za mchango wa msiba. Jumapili nilikuwa nachagua benchi kwa hesabu kali ili nisiangukiwe na mkono wake. Nilimwambia padri kwenye kitubio kwamba nina kinyongo na mtu, nikategemea Baba Yetu tatu na Salamu Maria tatu kama kawaida. Akanipa malipizi ya kukaa benchi moja na huyo dada. Basi. Nikasema padri nitafute sala ndefu hata rozari nzima, akacheka akaniambia nenda kwa amani.

Jumapili ya kwanza mkono wangu ulikuwa baridi kama samaki wa friji, na wake pia. Ya nne tukagongana macho tukataka kucheka. Hatujawa mabesti hadi leo ila nikisikia anaumwa naenda.

Na kwenye Biblia ile sala ya Bwana imeandikwa "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Sisi kanisani tunasema makosa. Naona deni lina ukali wake, mdeni ana jina na namba ya simu.

Dom Makulu

Niwaletee na historia kidogo. Vijana wa leo hawamjui Festo Kivengere. Mganda wa Kigezi, aliokoka kwenye ule Uamsho wa Afrika Mashariki uliotokea Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, akaja kuwa mwalimu hapa hapa Dodoma miaka mingi kabla ya uhuru. Billy Graham alipohubiri Moshi 1960 huyu ndiye aliyemtafsiria kwa Kiswahili. Baadae akawa askofu wa Anglikana kwao.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere nae alikuwa anatafutwa, akatoroka usiku na mkewe wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Sasa huyu ni mhubiri wa msamaha anayejulikana dunia nzima, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba akiwa uhamishoni alijikuta moyo unakuwa mgumu, anamchukia Amin. Ijumaa Kuu ya mwaka huo akiwa kanisani London yakasomwa yale maneno ya msalabani "Baba, uwasamehe" na ndipo akaona lazima aanze na yeye kutubu huo uchungu wake. Mtu ameokoka zaidi ya miaka 30, amefundisha watu, na bado amerudi darasa la kwanza.

Wale ndugu wa Uamsho walikuwa na utaratibu wao wa kutembea nuruni, wanakutana kila wiki, mtu anasimama anasema "ndugu fulani juzi nilikuonea wivu, nisamehe", mbele ya wote, halafu wanaimba Tukutendereza. Kila wiki. Wenye kuwacheka waliwacheka, ila madeni yao hayakupata nafasi ya kuzaa riba.

Dada wa Jumuiya

Hiyo ya kila wiki mbele ya wote ingeua WhatsApp group yetu yote ndani ya siku mbili.

Mleta uzi, deni lenyewe je? Alilipa? Maana unaweza kusamehe na bado ukadai au ukisamehe ndio basi?

Sauti ya Tatu

Nilijua swali litakuja.

Tulikubaliana anilipe elfu 50 kila mwezi kwa simu, tarehe 5. Alilipa miezi 12, ikafika laki 6, na alilipa kwa shida, mwezi mwingine kwa vipande, leo elfu 30 kesho elfu 20. Mwezi wa 13 akaacha. Sasa ikawa kila tarehe 5 ikikaribia naanza kuangalia simu, nikisikia mlio wa meseji naruka, nikikuta ni tangazo la bando nachukia dunia nzima. Nikimwona kanisani kavaa shati jipya napiga hesabu ya shati.

Kuna watu wataweza kudai bila kuchukia na nawaheshimu, Biblia haijakataza kudai haki yako. Mimi nilijipima nikaona siwezi. Nikaongea na mke wangu, akakataa, akasema milioni 1.2 ya kikoba aliirejesha yeye kwa kuuza vitenge vyake na hakuna mahali Mungu alimwambia aifute. Alikuwa na haki. Tukakaa na hilo miezi minne, sikumlazimisha, na ningemlazimisha ningekuwa nimesamehe kwa hela ya mtu mwingine. Nikamrudishia kwanza yeye ile 1.2 kidogo kidogo kutoka mshahara wangu. Siku nilipomaliza ndio akasema haya, hiyo nyingine ni yako fanya unavyotaka. Nikampigia jamaa nikamwambia iliyobaki nimeifuta, na sitakukopesha tena maisha yangu yote, vyote viwili nimevisema kwa upendo. Akanyamaza sana. Akasema asante kaka.

Mkidhani hapo iliisha, wiki tatu baadae nikamwona ana simu mpya. Moto ule ule, kifua kile kile. Hapo ndipo nilipoielewa saba mara sabini, nilikuwa nadhani ni makosa 490 tofauti, kumbe yanaweza kuwa kosa moja linalorudi mara 490. Na mitume wenyewe mnakumbuka Luka 17? Wameona vipofu wanaona na mapepo yanatoka, hawakusema kitu. Walipoambiwa ndugu yako akikukosa mara saba kutwa na kutubu mara saba msamehe, hapo hapo wakasema "Tuongezee imani".

Kichwa_Ngumu

Hapo kwa mke ndio pamenifanya nikusamehe wewe kwa kuibiwa kizembe.

Na sasa hivi hali ikoje? Bado mnasimama pamoja?

Sauti ya Tatu

Ndio, kwaya inajiandaa na Pasaka, amerudi sauti ya tatu, ana sauti nzuri mshenzi yule. Wiki hii sijamuwaza vibaya, wiki iliyopita mara mbili.

Jumapili baada ya ibada kaja ananizunguka zunguka, mwisho akaniomba elfu 20 mtoto ana homa. Mapigo ya moyo yakaenda Kariakoo yakarudi. Nikamwambia kukopesha nilishakwambia sikopeshi, nikatoa elfu 10 nikampa, nikamwambia hii nimempa mtoto, hainihusu tena. Nikaondoka haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Jioni nikampigia kuuliza homa, alikuwa kweli hospitali, nimesikia mtoto analia nyuma.

Mke wangu hajui habari za hiyo elfu 10. Naomba isitoke humu.

Bi Mkora

Umechelewa shemeji, mkeo ndio mimi. Njoo tuongee kabla jua halijazama.

Sauti ya Tatu

Acha utani wewe

Bi Mkora

😂😂 Natania. Ila ulivyoshtuka mwambie tu.